Upepo Uchukuao Gari

Msomaji, ukisimama alfajiri mahali ambapo malori hulala njiani, kama vile Mariakani au Voi, utaona jambo ambalo yamkini umeliona mara nyingi pasipo kulitia maanani. Kabla safari haijaanza, utingo hushuka na kipande cha chuma mkononi, akalizunguka lori lake, akagonga tairi moja baada ya jingine huku ametega sikio. Tairi likilia kwa sauti kali, hulipita; likitoa sauti nzito ya kitu kilicholegea, humwita dereva. Mwenye gari dogo naye, kwa kuwa hana chuma, hulipiga tairi teke kwa ncha ya kiatu, akaridhika, akapanda na kwenda zake.

Watu hawa wanatafuta nini? Wanatafuta habari za kitu wasichoweza kukiona. Wanauliza kama upepo uliomo ndani ya tairi unatosha. Swali lao ni jema, tena ni la lazima. Lakini njia wanayotumia kulijibu ina kasoro, kwa maana sikio si kipimo, wala kiatu si kipimo. Katika insha hii tutaifuata historia ya swali hilo. Tutaona jinsi binadamu alivyopata wazo la kuliweka gari juu ya hewa, jinsi alivyojifunza kidogo kidogo kwamba hewa hiyo ina kiasi chake, na jinsi alivyolipa kwa mali na kwa roho za watu kila kiasi hicho kilipodharauliwa.

Kwanza tujiulize: ni nini hasa kinachobeba gari? Watu wengi watajibu kwamba ni matairi. Lakini litoe tairi upepo wake uone. Mpira ni ule ule, nyuzi zilizomo ndani ni zile zile, wala uzito wa gari haukuongezeka. Hata hivyo tairi hulala chini kama mfuko mtupu, na gari huinama upande mmoja. Tairi, basi, ni mfuko tu, na mchukuzi wa kweli ni hewa iliyofungiwa ndani yake. Hewa hiyo husukuma kuta za mfuko kutoka ndani, pande zote kwa nguvu sawa. Nguvu hiyo tutaiita msukumo wa upepo. Madereva wengi huiita presha. Hupimwa kwa paundi kwa kila inchi ya mraba, nao mafundi kwa kufupisha husema tu paundi 30, au paundi 35.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200. Likiwa na magurudumu manne, kila gurudumu huchukua kilo 300 hivi. Upepo wa paundi 30 ni sawa na nguvu ya kilo 2 na kidogo kwa kila sentimita ya mraba. Ukigawanya utaona kwamba sehemu ya tairi igusayo barabara ni sentimita 140 hivi za mraba, yaani kiasi cha kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Fikiri, msomaji: gari zima, abiria na mizigo yao, likipita kasi katika barabara ya lami, limeshikwa na ardhi kwa viganja vinne tu. Upepo ukipungua, kiganja hicho hulazimika kutanuka, na ili kitanuke tairi hujikunja ubavuni. Hapo ndipo matata yote huanza, kama tutakavyoona.

Kwamba hewa ina nguvu ya kusukuma ni jambo lililojulikana zamani. Mwaka wa 1662 Robert Boyle wa Uingereza alikuwa amekwisha kueleza kwamba ukiibana hewa hata ikachukua nusu ya nafasi yake ya kwanza, msukumo wake huwa mara mbili, ikiwa joto halikubadilika. Lakini ilipita karibu miaka 200 kabla ya mtu kufikiri kuitia hewa hiyo kazini chini ya gurudumu. Magurudumu ya siku hizo yalikuwa ya mbao yenye kuzungushiwa ukanda wa chuma. Yalipiga kelele juu ya mawe, yaliwatikisa abiria hata mifupa ikauma, na yaliwachosha farasi.

Kizuizi kilikuwa mfuko. Mpira mbichi utokao mitini hulainika na kunata wakati wa joto, na hukakamaa wakati wa baridi. Mwaka wa 1839, huko Marekani, Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti cha madini na kupashwa moto huwa imara, wala haubadiliki ovyo kwa joto wala baridi. Tangu hapo mfuko wa hewa uliweza kutengenezwa.

Mtu wa kwanza kuutengeneza kwa ajili ya gurudumu alikuwa mhandisi kijana wa Kiskoti, Robert William Thomson. Mwaka wa 1845, akiwa na umri wa miaka 23, aliandikisha haki ya uvumbuzi wake huko Uingereza. Alitengeneza mfuko wa turubai uliopakwa mpira, akauvika ngozi kwa nje, akaujaza hewa na kuufunga kuzunguka gurudumu. Gari la farasi lililovikwa magurudumu hayo lilionyeshwa London, na watu walistaajabu kuliona likipita bila kelele. Lakini wakati wake ulikuwa haujafika. Motokaa hazikuwapo, baiskeli za kukanyagwa hazikuwapo, mpira ulikuwa ghali, na kushona ngozi ile ilikuwa kazi kubwa. Thomson mwenyewe aliliacha wazo lake, akageukia mipira mizito isiyo na hewa, na dunia ikasahau kabisa.

Miaka zaidi ya 40 ikapita. Katika mji wa Belfast aliishi daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, naye pia Mskoti wa kuzaliwa. Mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, nayo ilimtikisa vibaya katika njia za mawe. Mwaka wa 1887 Dunlop alichukua bamba la mbao la mviringo, akalizungushia mpira wa hewa, akaufunika kwa kitambaa na kuujaza kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akalisukuma bamba lile uani pamoja na gurudumu la kawaida la mwanawe. La kawaida lilianguka kabla ya kufika mwisho wa ua. Lile la hewa liliuvuka ua wote hata likagonga lango. Mwaka wa 1888 aliandikisha uvumbuzi wake, na mwaka wa 1889 mpanda baiskeli wa Belfast aitwaye Willie Hume aliwashinda wenzake katika mashindano kwa kutumia matairi ya hewa. Waliokuwa wakiyacheka matairi yale manene walinyamaza. Baadaye Dunlop aliarifiwa kwamba haki yake haikuwa na nguvu, kwa kuwa Thomson alikuwa amemtangulia. Wala hakuwa amepata kusikia jina lake.

Hapa, msomaji, historia ya tairi ina ukurasa wa giza ambao haifai kuuruka. Baiskeli, na baada yake motokaa, ziliamsha njaa kubwa ya mpira duniani. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya Kongo, iliyokuwa tangu mwaka wa 1885 milki ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Wanavijiji walilazimishwa kuingia msituni kukinga utomvu wa mitambaa ya mpira. Walioshindwa kutimiza kiasi walichopangiwa walipigwa, wake zao walishikwa mateka, wengine waliuawa, na wengine walikatwa mikono. Kelele za dunia ndizo zilizomlazimisha Leopold kuiachilia nchi hiyo mwaka wa 1908. Starehe ya msafiri wa Ulaya ilikuwa imelipiwa na mtu asiyejua hata baiskeli. Kumbuka jambo hili kila uonapo tairi likiharibiwa kwa uzembe: mpira haujapata kuwa kitu cha bure.

Tairi la Dunlop lilikuwa na kasoro moja kubwa: liligandishwa kwa gundi, na likipasuka lilichukua saa nyingi kutengenezwa. Ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin wa mji wa Clermont-Ferrand, walivumbua tairi la baiskeli liwezalo kuvuliwa na kurudishwa upesi. Mwaka wa 1891 tairi hilo lilishinda mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi. Ndipo wakathubutu jambo ambalo wengi walilihesabu kuwa wazimu, yaani kuitia motokaa upepo. Mwaka wa 1895 waliingia katika mashindano ya motokaa ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, safari ya kilomita karibu 1,200. Walipata pancha nyingi mno, wakafika baada ya muda uliowekwa kwisha. Kwa hesabu ya mashindano walishindwa. Hata hivyo gari lao lilifika likiwa juu ya hewa, na baada ya miaka michache hapakuwa na mwenye motokaa aliyetaka tena kukalia chuma.

Tangu hapo swali liligeuka. Watu hawakuuliza tena kama hewa yaweza kubeba gari, waliuliza ni hewa kiasi gani itoshayo. Ili kulijibu walihitaji vitu viwili. Kitu cha kwanza kilikuwa mlango wa kuingizia upepo usiouruhusu kutoka, na uwezao kufunguliwa ili kupima. Mlango huo ni vali ndogo ya Schrader wa New York, iliyopewa haki ya uvumbuzi mwaka wa 1893. Ichunguze vali ya gari lolote upitapo gereji. Umbo lake halijaachana sana na lile la siku hizo. Kitu cha pili kilikuwa kipimo, yaani geji. Mfaransa Eugène Bourdon alikuwa amekwisha kuvumbua mwaka wa 1849 geji yenye mrija uliopindwa, ambao hunyooka kidogo kila msukumo unapozidi na kuzungusha mshale. Basi mlango ulipatikana na kipimo kilipatikana; ilibaki kuwafundisha watu kuvitumia, na hiyo ndiyo kazi ambayo haijakwisha hata leo.

Matairi ya kwanza ya motokaa yalikuwa membamba, nayo yalijazwa upepo mwingi, paundi 60 na kuzidi. Yalikuwa magumu karibu kama mti. Katika miaka ya 1920 wenye viwanda walitambua kwamba tairi pana lenye nafasi kubwa ndani laweza kubeba uzito ule ule kwa upepo wa nusu yake, paundi 30 hivi. Mwaka wa 1923 kampuni ya Firestone ya Marekani ilianza kuuza matairi ya namna hiyo, na safari zikawa laini kuliko zilivyopata kuwa. Somo lake lilikuwa kubwa. Upepo mwingi si lazima uwe upepo bora; kila tairi, kila gari na kila mzigo una kiasi chake.

Hata kila ardhi ina kiasi chake. Katika miaka ya 1920 na 1930 afisa wa Kiingereza, Ralph Bagnold, alisafiri na wenzake katika jangwa la Libya kwa magari ya Ford. Walijifunza kwamba tairi likipunguzwa upepo hutanua unyayo wake kama unyayo wa ngamia, na gari hupita juu ya mchanga ambao lingezama. Katika Vita Vikuu vya Pili, Wamarekani walitengeneza lori lielealo majini, lililoitwa DUKW, ambalo dereva wake aliweza kupunguza upepo wa matairi akiwa kitini ili apande mchanga wa pwani, kisha akauongeza afikapo barabarani. Lishike neno hilo la mwisho. Waliopunguza upepo kwa ajili ya mchanga waliurudisha kabla ya kwenda mwendo wa kasi, kwa maana walijua kwamba kilicho dawa jangwani ni sumu katika barabara ngumu.

Vita hivyo hivyo vilifundisha jambo jingine. Mwanzo wa mwaka wa 1942 Wajapani waliteka Malaya na Singapore pamoja na nchi nyingi za jirani, na Marekani ikapoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mpira iliokuwa ikiununua. Matairi yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kugawiwa kwa kipimo katika nchi ile tajiri. Mwendo wa magari ulipunguzwa hata maili 35 kwa saa, na wenye magari walitakiwa kuyapeleka matairi yao kukaguliwa kila baada ya muda. Jambo ambalo jana lilikuwa hiari ya mtu binafsi liligeuka kuwa wajibu wa raia. Kila tairi lililolika kwa kukosa upepo lilikuwa tairi lililonyimwa jeshi.

Baada ya vita tairi lenyewe liliendelea kubadilika. Mwaka wa 1949 Michelin walianza kuuza tairi la aina mpya, ambalo nyuzi zake zimekatiza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na juu yake umezungushwa mshipi wa waya za chuma. Tairi hilo ni imara, hudumu muda mrefu, na limeenea ulimwenguni kote. Katika miaka ya 1950 yakaenea pia matairi yasiyo na mpira wa ndani. Lakini wema wa tairi hili jipya ulikuja na hadaa. Ubavu wake ni laini, nao huvimba kidogo karibu na ardhi hata upepo ukiwa sawasawa. Kwa hiyo tairi lililokamilika na tairi lililopungukiwa paundi 8 huweza kuonekana kama mapacha. Jicho, lililokuwa shahidi dhaifu tangu zamani, sasa likawa shahidi wa uongo.

Ajali zilithibitisha hayo. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2000, kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6 na nusu huko Marekani, mengi yake yakiwa yamevikwa magari ya Ford Explorer. Tabaka za matairi hayo zilikuwa zikiachana gari likiwa katika kasi, aghalabu katika majimbo ya joto, na magari yakapinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Ford ilikuwa imewashauri wenye magari watie paundi 26; Firestone ilisema ingefaa watie 30; na kila upande ukamtupia mwenzake lawama. Wachunguzi wa serikali waliona kasoro katika matairi yenyewe. Lakini mabishano yale yaliwafungua watu macho, wakatambua kwamba paundi nne tu, kiasi ambacho hakuna jicho liwezalo kukiona wala teke liwezalo kukigundua, zaweza kuwa jambo la kuulizana mbele ya Bunge la taifa.

Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilifanya uchunguzi, ikakuta kwamba zaidi ya robo ya magari madogo yalikuwa na tairi moja au zaidi lililopungukiwa sana, kwa robo nzima ya kiasi kilichotakiwa au kuzidi. Wenye magari hayo hawakuwa wajinga, nao walikuwa na geji na vituo vya petroli kila mahali. Walikuwa wameamini macho yao. Serikali ilitunga sheria kwamba kila gari dogo jipya liwe na chombo cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Na tangu Septemba mwaka wa 2007 magari mapya yote ya aina hiyo nchini humo yamekuwa nacho. Nchi za Ulaya nazo zikafuata, na tangu mwaka wa 2014 kila gari dogo jipya linalouzwa huko lina chombo hicho.

Sasa tueleze kwa nini upungufu huo unaua. Tairi lenye upepo mchache hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na katika mwendo wa kasi hujikunja zaidi ya mara kumi kwa kila sekunde. Chukua kipande cha waya, ukipinde na kukikunjua upesi upesi, kisha ukiguse mahali pa pindo: utaona kimepata moto. Ndivyo lipatavyo moto tairi. Joto hulegeza kile kinachoshikamanisha mpira na nyuzi, tabaka huachana, na tairi hupasuka. Tena hupasuka wakati mbaya kuliko wote, gari likiwa limejaa watu na likienda mbio mchana wa jua kali. Kabla ya siku hiyo tairi hutoa maonyo. Hulika kingo zote mbili na kuacha katikati, usukani huwa mzito, na petroli hutumika zaidi. Upepo ukizidi kiasi, mambo huwa kinyume: tairi hulika katikati, unyayo wake hupungua, gari hurukaruka juu ya makorongo, breki hazishiki vema, na jiwe kali hulipasua kwa urahisi.

Kiasi kilicho sawa, basi, hujulikanaje? Waliotengeneza gari wamekwisha kukihesabu, wakakiandika katika kibandiko ambacho kwa kawaida hukaa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na pia katika kitabu cha gari. Mara nyingi utakuta hesabu mbili, moja ya gari jepesi na nyingine ya gari lililojaa. Na ya pili huwa kubwa, kwa maana mzigo ukizidi na mchukuzi azidishiwe nguvu. Usidanganywe na hesabu iliyochorwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ni ya mwisho ambayo tairi halipaswi kuipita, wala si ya kufuatwa kila siku. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa sababu safari hulitia joto, na joto huongeza msukumo kwa paundi 4 au zaidi. Anayepima njiani mchana, akaona umezidi na kuupunguza, ataamka kesho na matairi yenye njaa. Tena tairi zima lisilo na pancha hupoteza paundi 1 hivi kila mwezi. Kwa hiyo anayepima mara moja kwa mwezi, pamoja na tairi la akiba, amefanya wajibu wake.

Sisi watu wa Kenya tuna fumbo letu wenyewe katika jambo hili. Geji haipimi hewa ya ndani peke yake. Hupima jinsi hewa ya ndani inavyoizidi hewa ya nje. Mombasa iko usawa wa bahari, na Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake, ambako hewa ya nje ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo tairi lililopimwa Mombasa, bila kuongezwa kitu, litaonyesha Nairobi paundi 2 na nusu hivi zaidi. Lakini alfajiri ya Nairobi ina baridi kuliko alfajiri ya Mombasa, na kila upungufu wa nyuzi 10 za joto hushusha msukumo kwa paundi 1 na nusu hivi. Jambo moja hupandisha na jingine hushusha. Ni nani awezaye kuifanya hesabu hiyo kwa ncha ya kiatu? Haina haja ya kufanywa kwa kichwa pia. Lala, uamke, upime mahali ulipo.

Najua, msomaji, kwamba huenda huna gari, na pengine utapita miaka mingi kabla ya kulipata. Lakini leo au kesho utapanda matatu au basi, na roho yako itakaa juu ya viganja vile vya hewa tulivyovihesabu. Kama kwenu kuna baiskeli, pikipiki au gari la mjomba, unaweza kuwa mpimaji wa nyumba yenu. Geji ndogo ya mkononi si kitu cha gharama kubwa. Na ukimwuliza dereva kwa adabu kama amepima upepo, hukumtukana. Umemkumbusha jambo ambalo wahandisi na watunga sheria wa mataifa makubwa walilikumbuka baada ya mazishi mengi. Tena tairi ni mali. Nchi yetu ilipata kuwa na kiwanda chake cha matairi mjini Nairobi, kilichoasisiwa mwaka wa 1969, lakini kazi ya kuyatengeneza humo ilikoma mwaka wa 2016. Tairi linalolika kabla ya wakati wake ni fedha ya nchi iliyomwagwa njiani.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Waliyasema hayo kabla ya motokaa kufika, lakini hapana mwiba mdogo kuliko paundi chache za upepo zilizopungua usiku. Kesho utakapomwona utingo akigonga tairi kwa chuma, usimcheke. Anajua la muhimu kuliko wengi waliolala ndani ya magari yao, yaani kwamba kinachombeba hakionekani. Kilichobaki ni kumpa geji mkononi.